Fimbo ya Klachi

Kofi lilimkuta Getrude matangani Kisawasawa, mbele ya wafiwa, sahani ya wali ikiwa bado mkononi. Lilitoka kwa Sikitu, mjane wa Fulgence, ambaye tangu mumewe azikwe alikuwa hajasema neno na mtu. Wali ukamwagika kwenye jamvi. Na kofi lenyewe, tuseme ukweli, Getrude alilitafuta. Nani alimtuma afungue mdomo msibani na kuwaambia watu kwamba marehemu alivuta pale alipotakiwa kusukuma?

“Nimeandika pale pale kwenye mashine,” alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu anayetetea kazi yake. “Rangi nyekundu, na mshale juu. Mashine haina kosa.”

“Kila mtu angevuta!” Sikitu alimfokea, wanawake wakimng'ang'ania kiunoni asimrukie tena. “Kila mtu! Hata wewe mwenyewe!”

Getrude aliondoka bila kuaga, akarudi karakanani kwake Lipangalala shavu likimwaka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, hodari kwelikweli, mwenye kichwa kigumu kuliko vyuma vyake. Msimu ule mashine yake ya kupura mpunga ilikuwa gumzo la bonde zima. Ilikuwa nyepesi, inavutwa na pikipiki, inafika kwenye majaruba ambako mashine kubwa zinazama, na mtu mmoja aliweza kuiendesha peke yake. Mkono wa kushoto unalisha mpunga, wa kulia unakaa karibu na fimbo ya klachi. Ukiivuta fimbo, mkanda unakaza na dramu lenye meno linazunguka. Ukiisukuma, mkanda unalegea na dramu linasimama. Aliijenga hivyo kwa sababu ilimwondolea kazi ya kuchomelea kipande kimoja cha chuma, basi, hakuna lingine.

Lakini mikono ya wakulima wa bonde hili ilikwishafundishwa na pawatila, yale matrekta madogo ya kushikwa kwa mikono. Kwenye pawatila kuna fimbo kama hiyo hiyo, na ukitaka isimame unaivuta kwako. Mtu anashinda nayo kwenye tope mwaka baada ya mwaka mpaka hafikirii tena, mkono unakwenda wenyewe. Wateja walimwambia Getrude. “Dada fundi, hii fimbo yako inatuchanganya,” walisema. Akawajibu wasome maandishi, na walipoondoka akawacheka.

Fulgence alijua kusoma. Siku ile mkono wa shati lake ulinaswa na meno ya dramu, naye akaivuta fimbo kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyovuta ndivyo mkanda ulivyozidi kukaza. Mashine ilimla mkono mpaka begani. Sikitu, aliyekuwa akipepeta mpunga kando yake, alimng'oa humo kwa mikono yake mwenyewe. Alimfia mapajani njiani, kabla hata hawajaiona hospitali.

Asubuhi iliyofuata lile kofi, ukoo mzima ulifika Lipangalala. Melkiori, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiendesha pawatila, na nyuma ya tela walikuwa wameifunga ile mashine kwa kamba. Hakuna aliyekuwa ameiosha. Sikitu alikaa juu ya tela, kanga ya msiba kichwani, na vijana kadhaa wa ukoo walitembea pembeni wakiwa na mapanga.

“Shikamoo, mzee Melkiori,” Getrude alisema. Alikataa kurudi nyuma.

Melkiori hakuitika. Mtu mzima asipokuitikia shikamoo, ujue hakuja kuzungumza. Aliokota nyundo kubwa iliyoegemea mlango, akaenda moja kwa moja kwenye mashine mpya iliyokuwa ikisubiri kupakwa rangi, akaipiga. Bati likabonyea. Akaipiga tena, na tena, mpaka miguu ya mashine ikakunjika ikalala chini. Vijana nao wakaingia. Mashine ya kuchomelea ilitupwa uani, makopo ya rangi yakapasuliwa kwa mapanga, benchi likapinduliwa.

Getrude aliokota nondo akampiga kijana wa kwanza mkononi. Mfupa ulilia. Kijana akapiga yowe, na hapo wenzake wakamvamia kama nyuki. Walimwangusha, wakampiga mateke ya mbavu na ya mdomo, akahisi jino likicheza kwenye ulimi na damu ya chumvi ikimjaa kinywani. Mmoja alinyanyua panga.

“Mwacheni!” Sikitu alisema, akishuka kwenye tela. “Sikuja kumuua. Nataka aiwashe.”

Walimnyanyua wakamsimamisha mbele ya ile mashine. Kwenye meno ya dramu kulikuwa na vipande vya shati la kitenge, vimekauka na kugandana na makapi. Getrude aliviona akageuza uso.

“Iwashe,” Sikitu alisema tena. “Halafu izime. Unionyeshe huo urahisi unaotuhubiria.”

Jamani, kiburi ni ugonjwa. Mtu amepigwa mpaka haoni vizuri, mapanga yamemzunguka, lakini moyoni alifurahi. Alitema damu, akazungusha hendeli, injini ikakohoa ikanguruma. Akaivuta fimbo, dramu likaanza kuzunguka. Akatupia tita la mpunga wake wa majaribio, punje zikamwagika chini safi kabisa. Kisha, taratibu, akauweka mkono kwenye fimbo akaisukuma. Dramu likasimama.

“Mmeona?” alisema. “Mtoto mdogo anaweza. Mshale huo hapo. Nifanye nini zaidi, nimshike kila mtu mkono?”

Melkiori alimtazama shemeji yake kana kwamba anasubiri kauli.  Sikitu alisogea, akaivuta ile fimbo mwenyewe, dramu likashika kasi. Halafu akamkamata Getrude mkono wa kushoto, kwa mikono yake miwili ya kulimia, akauelekeza kwenye mdomo wa mashine.

“Sasa izime,” alisema.

Getrude alicheka kwanza, akidhani ni vitisho. Akajaribu kujichomoa, akashindwa. Mikono ya Sikitu haikuwa na mchezo. Pengine Sikitu alitaka kumtisha tu, pengine hakujua alichokitaka, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ovaroli la fundi lina mikono mipana, na upepo wa dramu ukaipeperusha ncha ya mkono mmoja. Jino moja likaidaka.

Mkono ulivutwa mara moja. Getrude alisikia vidole vikigonga chuma, kisha maumivu yakampanda mpaka kwenye meno, akapiga ukelele ambao hakuutambua kuwa ni wake. Sikitu alimwachia, akaanza naye kupiga kelele, akimvuta kiunoni kurudi nyuma kama alivyomvuta mumewe. Mkono wa kulia wa Getrude ukaitafuta fimbo. Ukaipata.

Akavuta.

Mkanda ukakaza, dramu likang'ata. Akavuta zaidi, kwa uzito wote wa mwili wake, macho yamemtoka, huku ule mshale mwekundu aliouchora kwa mkono wake ukiwa mbele ya pua yake. Nguo iliingia, kiganja kikaingia nayo. Alivuta mpaka misuli ya bega ikamuuma, na hakuna kitu kichwani mwake kilichomwambia asukume.

Melkiori ndiye aliyeupiga mkanda kwa panga. Ulikatika kwa mlio wa bunduki, ncha ikaruka ikamchana Melkiori shavu kutoka sikioni hadi kidevuni. Dramu likapunguza mwendo, likasimama. Sikitu akafunga koki ya mafuta, injini ikatikisika ikazimika. 

Walimtoa mkono humo ndani. Vidole viwili havikuwepo, na cha tatu kilining'inia kwa ngozi. Sikitu alivua kanga yake ya msiba, akaizungushia kiganja, akaifunga kwa nguvu huku machozi yakimtiririka. Yule kijana aliyevunjwa mkono alikuwa anatapika pembeni.

“Nimevuta,” Getrude alisema.

“Nyamaza. Tunakupeleka hospitali,” Melkiori alimwambia, damu ikimchuruzika shingoni.

“Sikitu, nimevuta! Mimi niliyeitengeneza!”  Akamshika yule mjane kwa mkono uliobaki. “Ziko nyingine. Ziko Mang'ula, ziko kila mahali, na leo watu wanapura. Simu yangu iko mfukoni. Mpigie Anselim kwanza. Nakuomba, mpigie.”

Anselim alikuwa mteja wake wa Mang'ula, kijana mcheshi aliyekuwa akiisifia ile mashine kwa kila mtu. Sikitu aliitoa simu, akalitafuta jina, akapiga, akaweka sauti ya nje. Iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, kilichosikika kwanza ni muungurumo wa injini na meno yakitafuna mpunga.

“Dada fundi! Habari za leo?” Anselim alipaza sauti. “Nakusikia kwa mbali!”

“Anselim, acha hiyo mashine! Toka hapo!”

“Unasemaje? Sikusikii, huku nina kazi! Subiri, subiri kwanza niizime!”

“Usiiguse!” Getrude alipiga kelele. “Anselim, usiiguse hiyo fimbo!”

Kwenye simu muungurumo haukupungua. Ulipanda. Dramu lilivuma kwa nguvu zaidi, sauti ile ile aliyoisikia Getrude mkono wake ukiwa ndani, na kwa kitambo hakukuwa na sauti ya mtu. Sikitu alifumba macho. Kisha ule mvumo ukashuka, ukafa, na Anselim akasikika akicheka.

“Samahani, dada, nimevuta tena,” alisema. “Yaani hii fimbo yako, kila siku lazima nianze kwa kuvuta. Watoto wangu wananicheka hapa, nao wananisaidia kulisha mpunga. Enhe, ulikuwa unasemaje?”

 Kabla Getrude hajajibu, Sikitu aliileta simu karibu na kinywa chake mwenyewe.

“Mimi ni mke wa Fulgence wa Kisawasawa,” alisema. “Funga koki ya mafuta, baba. Waondoe watoto hapo, halafu nisikilize.”