Kumngoja Mkuu

Shuka la hoteli hukunjwa na watu wawili. Yeye alilikunja peke yake: ncha mbili alizibana kwenye misumari ukutani, mbili akazishika mwenyewe, kisha akausogelea ukuta taratibu kana kwamba kuna mtu anamngoja huko. Wenzake pale dobini walimwita Mwalimu, lakini kwa utani tu, maana hakuwa na wa kumfundisha ila mashine za kufulia.

Zamani alikuwa kocha msaidizi. Timu ilipomtimua Mkuu, kocha aliyefanya naye kazi tangu ujana, yeye hakuambiwa aondoke. Aliondoka mwenyewe. Kwa watu wa kazi ile ndivyo ilivyo: mkuu akitolewa, msaidizi naye hubeba begi lake. Kubaki ni kula na waliommwaga mwenzako. Siku ile Mkuu alimshika bega, akamwambia akipata timu atampigia.

Timu akaipata. Simu haikulia. Msaidizi akajisemea kwamba labda mambo ya huko bado hayajatulia.

Misimu ikapita. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na binti yake aliolewa mtaa wa mbali. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama, akatazama mechi bila sauti. Mchezaji akitolewa uwanjani, alimfuata kwa macho mpaka benchi, aone kama kuna atakayemgusa hata mkono.

Ndipo Kipa akaja dobini. Alikuwa golikipa wake zamani, na sasa ndiye kocha wa timu ile ile iliyomtimua Mkuu. Aliketi juu ya rundo la taulo, akaeleza shida yake: anaowaacha nje ya kikosi wanamnunia, naye hajui pa kuanzia. Enzi zile Msaidizi ndiye aliyewapitia vyumbani, akakaa na kila aliyeachwa mpaka acheke. Alimtaka arudi, na uongozi ulitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

"Mimi mwenyewe uliniacha mara ngapi, Mwalimu, na bado nikakupenda?"

"Ulinipenda? Ulinifichia viatu."

"Kimoja tu."

Walicheka. Kipa alipoondoka, kelele za mashine zikawa kubwa kuliko kawaida.

Jumapili binti yake alikuja na mtoto mgongoni. Alipoambiwa habari ile, uso ulimchangamka, akaanza kupanga atakavyokuwa anamleta mjukuu uwanjani. Baba akamkatiza. Alisema yeye bado ni mtu wa Mkuu. Huwezi kurudi ulikotoka na mwenzako bila yeye kukuachia.

Binti hakubishana. Alimlaza mtoto kitandani, akambadilisha nepi, akazungumza bila kuinua macho.

"Basi mpigie, baba."

"Mambo kama haya hayasemwi kwenye simu."

"Yanasemwa. Unaogopa tu atakachokujibu."

Alitoka na simu hadi mlangoni. Mkuu alipokea kwa furaha; nyuma yake filimbi ilisikika, na mtu akihesabu kwa sauti. Msaidizi alieleza kirefu, kwa heshima, akizunguka kama mtu anayeposa. Mkuu alimsikiliza, kisha akashangaa.

"Kwani hukurudi? Mimi nilijua uko nao siku zote hizi."

Akamtakia heri, akasema watafutane.

Msaidizi alibaki mlangoni, simu imekwisha kukatika na bado iko sikioni. Mtaani watu walipita wawili wawili. Hakuna aliyemfunga miaka yote ile; kamba aliishika mwenyewe, upande wa pili hapakuwa na mtu.

"Kasemaje?" binti akauliza.

"Kasema nirudi."

Binti alimtazama usoni, akaelewa. Alimnyanyua mtoto, akampa babu yake ampakate. Mtoto akakishika kidole chake kwa nguvu kama mwenye madai.

Alimpigia Kipa kwa mkono mmoja. Alimwambia atakuja, ila kwa sharti moja: kila anayeachwa aambiwe na kocha mwenyewe, uso kwa uso. Yeye ataketi hapo pamoja nao, na kocha akishaondoka, atabaki.

Kipa akauliza:

"Na wakinuna, Mwalimu?"

"Watanuna. Lakini watakuwa wamejua."