Rangi Nyeupe Kwenye Kamshafti

Shanice alirudi Alhamisi saa nne asubuhi, siku mbili tu tangu nimkabidhi gari lake, na niliisikia injini kabla hajaingia getini. Ilikuwa inatetemeka na kukosa pumzi. Ni gari la mbio, silinda nne na turbo, na Jumamosi alikuwa anashindana nalo Taveta. Mkanda wa taiming, ule unaoifanya kamshafti ya valvu izunguke sambamba na krenki ya pistoni, niliufunga mimi.

Niseme mapema kilichonitisha, maana sipendi hadithi za kuzungukazunguka. Tangu Januari macho yangu yalikuwa yananidanganya. Penye mstari mmoja naona miwili, katikati ukungu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Rachel. Mimi Mutuku, miaka ishirini na saba kwenye injini hapa Voi, nimwambie nani kwamba sioni nati? Kama mkanda ule ulikuwa na kosa, kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo nikatafuta mchawi kwingine. Kompyuta ilisema kamshafti na krenki havipatani, nami nikadai ni sensa. Nikaibadilisha, nikiipapasa zaidi ya kuiona. Mtetemo palepale. Nikalaumu petroli. Shanice aliegemea ukuta, mikono kifuani, akaniacha niseme.

Ikabidi nipime kompresheni, nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Nilimwomba anisomee geji, nikasingizia grisi mikononi. Ilikuwa chini kwenye silinda zote nne. Hapo niliogopa kweli. Ama taiming ilikuwa imeruka, ama valvu zilikuwa zimeshagonga pistoni, na injini nyingine kama ile hainunuliki hapa.

Nikafungua kifuniko. Sisi mafundi wa hapa tuna desturi yetu. Alama za kiwandani kwenye gia, zinazoonyesha mkanda ukae wapi, ni vijikwaruzo vidogo mno, basi tunavipaka ile rangi nyeupe ya kufutia maandishi, na wakati wa kufunga tunafuata weupe tu. Nilizungusha injini kwa spana, polepole, nikingoja kusikia chuma kikigonga chuma. Hakikugonga. Alama nyeupe zikakutana sawasawa, hata macho yangu yaliziona. Nikacheka kwa sauti, mjinga mimi, nikamwambia Shanice kazi yangu haina kasoro.

Yeye akainama. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa gia ya kamshafti, taratibu, kisha ukucha ukanasa.

"Fundi, alama yenyewe iko hapa," alisema. "Rangi uliipaka kwenye jino linalofuata."

Nikapeleka kidole changu. Kijikwaruzo kilikuwepo, wazi kabisa, na rangi yangu ilikuwa kando. Nilikuwa nimeufuata weupe wangu mwenyewe kwa uaminifu mkubwa. Nikakaa juu ya tairi, nikamweleza yote kuhusu macho. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Injini ilikuwa imepona, jino moja halikutosha kuiua, lakini Shanice hakuonekana kufurahi. Alikuwa ananitazama kama mtu anayepiga hesabu.

"Mwaka huu umemfungia nani mwingine mkanda?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naona aibu kukiri, lakini asubuhi yote nilikuwa nimejiogopea mimi na jina langu. Sasa nikamkumbuka Thadeus, yule wa pikapu ya kabichi kutoka Werugha. Nilimfungia mkanda Jumatatu, na breki pia. Kila siku anateremka zile kona za mlimani na mzigo, mkewe kiti cha mbele. Injini ikizimika kule, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu kama jiwe, hata ikiwa nimeifunga vizuri. Na sikujua kama nilikuwa nimeifunga vizuri.

Nikatoa simu. Majina yote yalikuwa ukungu. Nikaisogeza karibu na pua, nikaipeleka mbali. Ilikuwa saa sita kasorobo, na Thadeus huondoka kwao na mzigo saa tano na nusu.

Nikampa Shanice simu.

"Mpigie Thadeus," nikamwambia. "Mimi jina lake silioni."