Tatu Bila Sifuri

Dereva wa teksi alirudi jua likiwa halijafika utosini, akashuka na kuubamiza mlango. Gari lake, alilalamika, lilikuwa linadunda kwenye kila shimo kama mpira. Upepo gani huo aliotiwa asubuhi?

"Thelathini, kama siku zote," alisema fundi wa matairi bila kuinua uso.

Si bure mtaa mzima ulimwita Mzee Thelathini. Gari dogo lolote likija kwake lilitiwa hiyo hiyo, na hakuwa mtu wa kubishiwa. Juzi kipimo chake cha zamani kilipovunjika, mkwewe, mume wa binti yake, alimletea kipya chenye mshale mwekundu, akataka kumwelekeza namna ya kukisoma. Mzee alimkata kauli. Yeye alianza kusoma vipimo wakati mkwe hajui hata kufunga kamba za viatu. Namba za kipya ziliishia sita, naye akaona waliokitengeneza wamefupisha tu, wameacha sifuri. Tatu ndiyo thelathini, yamekwisha.

Dereva hakubishana. Alitoa kipimo chake kwenye buti, akakibana kwenye tairi, akamwonyesha: arobaini na tatu. Kisha akakichukua kile kipya na kukigeuza juani.

"Mzee, hiki kinapima kwa ba. Ba moja ni PSI kumi na nne na nusu, hizi zetu. Thelathini yako hapa ni mbili na kidogo."

Mzee alijikuta amekaa kwenye ndoo. Si teksi iliyomkalisha. Asubuhi ile ile alikuwa amelijaza gari la mkwewe, tatu kila tairi, na ya nyuma yalikuwa yamelika hadi yanateleza. Sasa mkwe, binti yake na mjukuu wake walikuwa safarini, kwenye lami inayochoma, juu ya matairi yaliyovimba kwa mkono wake. Akaichomoa simu mfukoni, akapiga. Iliita ikakatika. Akapiga tena.

Mkwe ndiye aliyepokea.

"Simama kando," alisema mzee. "Polepole, usikanyage breki ghafla. Upepo umezidi. Nimekosea mimi, kile kipimo sikukijua."

Akayasubiri maneno aliyostahili. Hayakuja. Alisikia gari likipunguza mwendo, changarawe, halafu mlango. Mkwe aliuliza tu atoe kiasi gani, maana hana cha kupimia.

Mzee aliitazama teksi. Ilikuwa ya aina moja na gari lao, matairi saizi moja, na kosa lile lile ndani yake.

"Tutatoa pamoja. Nikisema bonyeza, bonyeza. Nikisema basi, acha."

Alipiga goti, simu kaibana begani. Upepo ukafoka karibu yake, na mwingine, mwembamba, ukafoka sikioni. Basi. Akapima: bado. Wakarudia. Safari ya tatu mshale ulitulia kwenye mbili na kidogo, naye akaliminya tairi kwa kidole gumba, kama alivyofanya kabla ya vipimo vyote.

"Liminye," alisema. "Linasemaje?"

"Limelegea kidogo, baba."

"Ndilo hilo."

Akaisogeza ndoo kwenye gurudumu la pili, akasubiri, mpaka aliposikia kule mbali mtu mwingine naye akipiga goti kwenye changarawe.