Amani kwa Aliyecheka Msibani

Bibi yangu na mdogo wake wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, na tangu babu azikwe hawasemeshani. Tarishi ni mimi. "Mwambie huyo anipe chumvi." Naichukua chumvi mbele ya huyo, namsogezea Bibi, na kila mmoja anaendelea kula na heshima yake. Mimi ni fundi wa makochi; usuluhishi sikusomea.

Jumatatu Bibi alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Daktari alituambia tusiwe na wasiwasi, huku yeye mwenyewe anao. Niliogopa Bibi atakufa hajasema neno na ndugu yake pekee. Basi Jumapili, walipotoka kanisani, nikawaletea mafundisho ya Budha.

Wanajua nimeingia dini hiyo. Bibi huniombea kwa sauti nikiwa nimekaa papo hapo, anamweleza Mungu mambo yangu utadhani sipo.

Nilikuwa nimewashonea mito miwili ya kukalia chini, sponji nzuri kabisa. Waliitazama mito, wakaitazama sakafu, kisha kila mmoja akaketi kitini na kuweka wake mgongoni.

"Tunaanza kwa kukaa kimya," nikasema.

"Kimya?" Bibi akasema. "Mjukuu wangu, hapo umekuja kumfundisha samaki kuogelea."

Nikawaambia wafumbe macho. Kila mtu ajitakie mema mwenyewe, halafu amtakie mema ampendaye, halafu yule anayemkera kuliko wote. Nikasahau kusema iwe moyoni. Kanisani kwao watu huomba wote kwa pamoja, kwa sauti, na anayenong'ona hudhaniwa ana lake jambo.

"Huyu aliyecheka mume wangu akizikwa, awe na amani!" Bibi akapaza sauti.

"Na huyu aliyeninunia bila kuniuliza nilicheka nini, awe na amani!" akaitikia mdogo wake, akipaza yake juu zaidi.

Macho yakafumbuka.

"Haya, ulicheka nini?" Bibi akamuuliza. Alimuuliza yeye. Mimi hata hakunitazama.

"Viatu, dada. Nilichungulia kabla jeneza halijafungwa. Alikuwa amevaa vyote viwili vya kushoto."

"Nani alimvisha?"

"Si wewe?"

Bibi akageuka kutazama mlango wa chumbani kwake. Nikajisemea, haya, fundi, umeharibu.

"Ndiyo maana kabatini nina vya kulia vitupu," akasema taratibu. "Mimi nikamsingizia mwizi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akalia, akacheka tena. Mdogo wake akaja kumpigapiga mgongoni, akiukanyaga mto wangu ulioanguka. Nami machozi yalinitoka. Nikainama kuuokota mto, nikaukung'uta kuliko ulivyohitaji.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unaongea na mimi kupitia fundi wa makochi."

Bibi akajifuta uso kwa khanga. "Kesho utanishika mkono mpaka mlango wa upasuaji."

"Nitakushika, dada. Ila viatu nitakuvisha mimi."