Chupa Nane za Mwani Mpakani

Siku ya tatu ya kusubiri kibali mpakani Tunduma, Tulinagwe alitoka gesti bila kunywa chai, akaenda kukaa tena kwenye benchi nje ya ofisi ya vibali. Chupa zake nane alikuwa ameziacha chumbani.

Kila chupa ilikuwa na maji ya bahari na kipande cha kioo, na juu ya kioo zilishika spora za mwani mwekundu, yaani chembe zinazoota kuwa mwani, ndogo kuliko vumbi la unga. Kwa miaka miwili alikuwa akitafuta jambo moja: spora hizo zinataka joto kiasi gani na mwanga kiasi gani katika wiki zake za kwanza. Mara ya kwanza, kule pwani, umeme ulikatika siku nne, maji yakapata joto, zikafa zote. Mara hii zilikuwa zimeota, lakini darubini ya kuzipiga picha zikiwa hai ilikuwa chuoni Zambia. Mwalimu wa chuo hicho, Sebastian, alikuwa akimsubiri na gari Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kilichokosekana ni kibali cha kuvusha viumbe hai, na kila mtu ofisini alisema kinatolewa na mwenzake.

Ilikuwa Juni, na Tunduma kulikuwa na baridi. Spora zilitaka nyuzi joto ishirini na tano na mwanga hafifu. Tulinagwe alitundika khanga dirishani, akazifunika chupa kwa mablanketi yote mawili ya kitanda, yeye akajifunika koti. Kila baada ya saa chache aliamka kubadilisha maji ya uvuguvugu kwenye beseni zilimosimama. Tangu ashuke kwenye basi hakuwa amelala sawasawa.

Saa nane mchana kibali kilitoka. Hakushangilia. Alikunja karatasi, akapita kando ya foleni ya malori mpaka gesti.

Uani alimkuta Mwasiti, mama mwenye gesti, akifagia. Ukutani, kwenye jua kali, zilikuwa zimepangwa chupa zake sita.

"Mama, hizi zimekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne, mwanangu. Kile chumba kina baridi, nikaona vitu vyako vitaganda. Mbili nimeziacha kwenye beseni, mikono ilijaa."

Tulinagwe alichovya kipimajoto. Thelathini na sita. Ule wekundu mwembamba uliokuwa juu ya vioo asubuhi ulikuwa umepauka.

Mwasiti aliuacha ufagio. "Nimeharibu?"

Tulinagwe alitaka kupiga kelele, akakosa hata nguvu ya kuanza. Akaketi kwenye ngazi.

"Hukujua, mama. Mimi ndiye sikukuambia."

"Basi tuzirudishe ndani haraka!"

"Hizo basi tena."

Hata hivyo alitoa daftari akaandika: jua la moja kwa moja, muda wa saa nne, nyuzi thelathini na sita. Mwasiti aliingia ndani, akatoka na uji kwenye kikombe, akasimama pale mpaka Tulinagwe alipoumaliza. Kisha akajitwika mwenyewe boksi lenye chupa zote nane, wakaongozana hadi mpakani.

Upande wa pili Sebastian alimpokea. "Pole kwa safari, dada. Zote nane?"

"Nane. Zilizo hai labda mbili."

Kesho yake chuoni Sebastian aliinamia darubini muda mrefu. Katika chupa moja spora zilikuwa zimekufa, zimebanduka na zinaelea. Katika ya pili zilikuwa zimeshika kioo, na nyingi zilikuwa zimegawanyika mara mbili, ishara kwamba zinakua. Akapiga picha kumi na tisa.

"Umefanikiwa," alisema. "Lakini chupa moja haithibitishi kitu. Itabidi urudie."

"Najua."

"Utaleta nyingine lini?"

Tulinagwe alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Mwakani," alisema. "Nitakuja na mtu wa kupokezana naye zamu za kuzilinda. Sasa nionyeshe mahali pa kulala."