Imo, Ila Ghalani Haipo

"Mama Irine, huyu baba Irine si tulimzika?"

Wegesa aliuliza hivyo Jumatatu moja, akiwa mlangoni mwa ofisi ya chekechea ya kanisa, Nyanungu, na matope ya shambani bado miguuni.

"Tulimzika," Philomena alijibu. "Karibu ndani."

Thadeo alikuwa kwenye kompyuta, kwenye kiti chake cha ukarani, na shati la bluu alilozikwa nalo. Wegesa alimsalimia, akaitikiwa, akaeleza shida yake: mjukuu wake Marwa aandikishwe. Aliambiwa afuate kadi wiki ijayo, maana wino wa mashine ya kuchapa ulikuwa umekwisha.

Mambo yalikuwa hivi. Enzi za uhai wake Thadeo alitengeneza programu ndogo ya kuandikisha watoto. Kompyuta ile huendeshwa na mfumo uitwao Linux, na programu za Linux hutoka kwenye ghala la mtandaoni, pamoja na marekebisho yake. Ya Thadeo nayo iliwekwa humo. Alipofariki, wenye ghala waliandika mara tatu kuuliza kama bado anaitunza. Hawakujibiwa, wakaitoa. Jumatatu iliyofuata kompyuta ilipotafuta marekebisho, iliandika kwamba programu hiyo imo ndani ya mashine, ila ghalani haipo. Philomena, ambaye hufagia ofisi na kushika funguo, aligeuka kuchukua ndoo akamkuta mumewe ameketi.

Tangu hapo alikuja kila siku ya kazi. Hakuzeeka. Ndevu hazikuota. Habari za baada ya kifo chake hazikumwingia. Aliulizia ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa, na Philomena alimjibu kwamba anakula vizuri. Saa nne alimpelekea chai. Hakuinywa, akainywa Philomena mwenyewe. Kila alipofunga ofisi alimshukuru Mungu, maana wajane wengine wamebakiwa na picha ukutani tu.

Wiki ile ya kadi akaja Hezekia, fundi wa kompyuta kutoka Sirari, kuweka toleo jipya la mfumo. Wegesa alikuwa kwenye benchi akisubiri.

"Shikamoo, mzee," Hezekia alimwambia Thadeo, akavuta kiti cha pili.

Kazi ilienda hadi saa sita. Kisha kompyuta ikauliza kama iondoe vitu visivyo na ghala. Orodha ilikuwa na kitu kimoja.

"Yenyewe haiondoi hivi hivi," Hezekia alieleza. "Kitu ulichoweka kwa mkono wako, inakuuliza kwanza. Ila hiki hakitapata marekebisho tena, na siku moja kitagoma. Niondoe, mama? Mradi unaowaletea vitabu umeleta programu mpya."

Philomena alijua kwamba programu ikitoka, kiti kitabaki kitupu. Alimtazama mumewe. Thadeo alitazama kioo. Hakuwa na maoni juu ya mambo yaliyokuja baada yake.

"Hiyo mpya itamwandika Marwa?" Philomena akauliza.

Hezekia alijaribu. "Inataka jina la baba, mwanamume. Bila hilo haisogei."

Wegesa hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mwana huoa mke wa kumzalia wajukuu, alimwoa Gloria kwa mahari yake mwenyewe, na Marwa, aliyezaliwa na Gloria, ni mtoto wa nyumba ya Wegesa. Thadeo, kwa kuwa ni mtu wa hapa hapa, aliweka kwenye programu yake mstari wa nyumba, wa kujazwa badala ya jina la baba.

"Ng'ombe kumi na wawili nilitoa mimi," Wegesa alisema kutoka kwenye benchi. "Hiyo kompyuta yako ilitoa wangapi?"

"Hata mbuzi haikutoa, bibi." Hezekia alicheka, akabonyeza hapana. Kisha akaiwekea programu alama ya kutoguswa.

"Asante, Mungu wangu," Philomena alisema, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Thadeo alichapa. Kadi ikatoka: Marwa, nyumba ya Wegesa.

"Hapa atasoma," Hezekia alisema, sauti imeshuka. "Ila vitabu vinaletwa kwa hesabu ya programu ya mradi. Huko juu mtoto huyu hatakuwepo."

"Yaani atakaa darasani na hayupo?"

"Ndivyo, bibi."

Wegesa alimtazama Thadeo. Alipuliza kadi wino ukauke, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka.