Gurudumu Lililonuka Vitunguu

Danieri, fundi baiskeli wa Bwera, hafungi hata spoki moja kabla ya kuuliza mzigo. Gurudumu la kahawa hukazwa kivyake, la ndizi kivyake, na kama ni la kubebea mtu, basi mtu mwenyewe sharti aje aketi kwenye keria wakati fundi anamalizia. Mwenye haraka aende Mpondwe, akafungiwe na wale wanaokaza kwa kubahatisha.

Kwa hiyo Anselme, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, alipoleta gurudumu lake la nyuma likiwa limejikunja kama chapati iliyotupwa, Danieri alimuuliza atabeba nini. Anselme akasema atambeba mke wake. Danieri alikuwa amehudhuria mazishi ya huyo mke juzijuzi, tena alishika sepetu. Akasema haya, mke aje aketi.

Sylvie alikuja jioni hiyohiyo. Alivaa kitenge alichozikwa nacho, tumbo la miezi tisa likimtangulia, akawasalimu waliokuwapo mmoja mmoja, kama mtu aliyelelewa vizuri. Watu wakampisha. Mama Lamwaka, muuza chai wa jirani, akammiminia kikombe. Sylvie alishukuru, akasema chai hainyweki tena, labda maji kidogo.

Mambo yalikuwa hivi. Siku uchungu ulipomshika, Anselme alipiga simu kuita ambulensi. Ambulensi ipo, nani kasema haipo? Ubavuni imechorwa mama mjamzito anayecheka mpaka gego la mwisho. Dereva hakupokea simu. Anselme akampakia Sylvie kwenye baiskeli, akasukuma pedali kama kichaa, na walipofika kona ya chini ya kituo cha afya, ambulensi ikaja kweli, tena kwa kasi ya kupigiwa makofi, ikawagonga kwa nyuma, ikaendelea na safari. Sylvie alifia palepale na mtoto tumboni. Anselme aliamka na mchubuko wa goti, jambo ambalo hajajisamehe. Tangu hapo, kila jioni, Sylvie alikuwa akiketi kwenye keria ya ile baiskeli isiyo na gurudumu, akisubiri kupelekwa.

"Siko nakasirika," alimwambia Danieri. "Ila nilitokaka nyumba juu ya kwenda kuzala. Bado sijafika."

Danieri akaigonga rimu kwa nyundo ya mti, akaifunga kwa spoki nene za pikipiki, akaanza kuinyoosha. Hapo ndipo harufu ilipotoka. Kila alipogusa pale palipobonyea, rimu ilinuka vitunguu, vitunguu vibichi vya Bwesumbu, vile vikali. Fundi akatokwa machozi. Wateja wakatokwa machozi. Mama Lamwaka akalia juu ya sufuria yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu. Mwenye shamba kubwa la vitunguu Bwesumbu na mwenye kushika ufunguo wa ambulensi ni mtu mmoja, naye ni Mheshimiwa Ahabwe, diwani wetu kipenzi, na siku ya ajali ilikuwa siku ya soko Mpondwe.

Maskini Anselme akadhani haki imejileta yenyewe kwa miguu. Akaenda kuita polisi. Afande alikuja, akainama, akanusa, akalia vizuri tu, akajifuta uso kwa kofia. Kisha akasema harufu haiwezi kutiwa mahabusu. Akauliza pia kama gurudumu likishakamilika linaweza kuazimwa kwa siku chache, likae jikoni kwa mkewe, maana vitunguu siku hizi havishikiki.

Mheshimiwa naye akafika, na mpiga picha wake. Alisimama karibu na gurudumu kuliko wote, kwa hiyo akalia kuliko wote. Picha zikaenea kwenye simu za watu mpaka Muhokya, na waliokuwa hawampendi wakakiri kwamba mzee ana moyo. Sylvie, aliyekuwa pale kwenye keria, alimpa pole. Mheshimiwa akaipokea, akaingia kwenye gari lake.

Danieri alikasirika, lakini hasira haikazi spoki. Akangoja itulie, akaendelea. Kabla giza halijaingia gurudumu lilikuwa limenyooka, halichezi kushoto wala kulia. Harufu tu ndiyo iliyokataa kutoka.

Anselme akamchukua mke wake. Danieri akawafuata kwa miguu kusikiliza kazi yake, na hakuna spoki iliyolia. Ile kona wakaipita. Wakafika. Sylvie akashuka mwenyewe, mkono kiunoni, akicheka kidogo, na Anselme akasema asante Mungu.

Muuguzi Enid aliwapokea mlangoni. Akamtazama Sylvie juu mpaka chini, akauliza glavu ziko wapi. Na pamba je? Na wembe? Na plastiki ya kulalia? Kufa, alisema, si ruhusa ya kuja mikono mitupu. Anselme akatoa kifurushi, kilekile cha siku ile, hakijafunguliwa. Enid akapapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, hapa hapawezekani, aende hospitali kubwa. Anselme akageuza baiskeli. Enid akamwambia asijisumbue, kule hawapokei mgonjwa wa rufaa aliyekuja kwa baiskeli. Ambulensi ndiyo utaratibu. Sylvie aketi kwenye benchi asubiri.

Benchi lilikuwa limejaa wanawake wenye matumbo makubwa, kila mmoja na kitenge alichozikwa nacho, kila mmoja na kifurushi mapajani. Lanyero, aliyekuwa mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, akajisogeza. Sylvie akamuuliza amesubiri tangu lini.

"Tangu ambulensi ile ya kwanza," akasema Lanyero. "Hii ni ya pili. Kaa, dada."

Ambulensi ikatokea barabarani, ikiwa imejaa magunia, imewasha king'ora kwa sababu vitunguu havipendi kuchelewa. Wanawake wote wakasimama, wakashika vifurushi vyao. Ikapita kuelekea Mpondwe. Wakaketi.

Anselme akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa chini karibu na miguu ya mke wake. Gurudumu lilikuwa limenyooka kabisa, hata Danieri hakuona la kurekebisha. Harufu ilikuwa bado ipo, na benchi zima lilikuwa likifuta macho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua nani analia kweli.